Mahema Katika Mchanga wa Argelès

Hema si kitu kigeni kwetu. Wazee wetu waliyaona mahema ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara, na baba zetu waliyaona mahema ya mabwana shauri, ya wapima ardhi na ya askari. Baadaye tukayaona ya wageni wanaokuja kutazama wanyama, na kwa miaka mingi tumeyaona pia, kwa huzuni, ya wakimbizi katika mkoa wa Kigoma. Lakini ni nani kati yetu aliye na nyumba nzuri, yenye paa imara na maji ya bomba, atakayefunga mlango wake, akachukua mke na watoto na sufuria zake, akasafiri mwendo wa siku mbili ili akalale chini ya kitambaa, kwa hiari yake, na tena akalipa fedha? Jirani zake wangesema ana wazimu, au kwamba anawakimbia wadeni wake.

Walakini huko Ulaya watu wafanyao hivyo kila mwaka huhesabiwa kwa mamilioni, wala hawana wazimu. Ni mafundi wa viwandani, makarani, walimu wa shule, wauguzi, madereva wa magarimoshi. Mwezi wa Julai au wa Agosti huacha miji yao ya kaskazini, wakateremka pwani ya kusini kwenye jua, wakasimamisha mahema yao, wakakaa hapo majuma mawili au matatu pamoja na watoto. Kisha hurudi kazini. Sisi tulipoanza kuuliza habari ya desturi hii tulidhani ni mchezo tu wa watu wenye raha. Tulipozidi kuuliza tukaona kwamba ndani yake mna mambo ya mishahara, ya migomo, ya sheria na ya vita, na kwamba mchanga ule ule wanaochezea watoto umelaliwa pia na watu waliokuwa wakifa.

Msomaji aliye na ramani ya Ulaya na aifungue. Ataona kwamba Ufaransa upande wa kusini imepakana na Bahari ya Mediterania, ambayo wengine huiita Bahari ya Kati, kwa kuwa imezungukwa na nchi za Ulaya, Asia na Afrika. Pwani hiyo ya Ufaransa ina sehemu mbili, na mto Rhône ndio unaozigawa. Mashariki ya mto, kuelekea Italia, milima hushuka mpaka majini, na kati ya miamba zimo ghuba ndogo ndogo. Magharibi, kuelekea Hispania, nchi ni tambarare, mchanga ni mrefu, na nyuma ya mchanga yako maziwa ya maji ya chumvi ambayo zamani yalijaa mbu na homa. Mwisho kabisa, pale milima ya Pyrenees inapoanza kuingia baharini, pana mji mdogo uitwao Argelès-sur-Mer. Msomaji na alikumbuke jina hilo, maana tutarudi huko.

Pwani ya mashariki ndiyo iliyopata sifa kwanza. Lakini wale walioipa sifa hawakulifuata jua la kiangazi, walilikimbia. Mwaka wa 1834 Lord Brougham, mwanasheria mkubwa wa Uingereza, alikuwa akisafiri kwenda Italia akazuiwa njiani kwa sababu ya kipindupindu. Akakaa katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Cannes, akakipenda, akajenga nyumba, na rafiki zake wakamfuata. Garimoshi lilipofika Nice mwaka wa 1864, mabwana wa Uingereza na wa Urusi wakazidi kuja. Ila walikuja wakati wa baridi, theluji ilipofunika nchi zao, wakaondoka kabla ya joto. Malkia Victoria mwenyewe alikaa Nice mara kadhaa katika miaka ya 1890. Mwaka wa 1887 mwandishi mmoja, Stéphen Liégeard, aliandika kitabu akaiita pwani hiyo Côte d'Azur, maana yake Pwani ya Buluu, na jina hilo halijatoka hata leo. Kiangazi kilipoingia, madirisha ya hoteli yalifungwa, na pwani wakaachiwa wavuvi. Mpaka miaka ya 1920 ndipo matajiri, na Wamarekani wengi miongoni mwao, walipoanza kulala mchangani mchana kwa makusudi ili jua liwabadili rangi. Labda msomaji atacheka, maana kwetu mtu mwenye akili hutafuta kivuli. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na desturi ile ikashika.

Je, mtu wa kiwandani? Huyo bahari hakuiona kabisa. Shida yake haikuwa nauli tu. Shida ya kwanza ilikuwa siku. Watumishi wa serikali ya Ufaransa walikuwa wakipata likizo yenye mshahara, au livu kama wengine wasemavyo, tangu mwaka wa 1853. Bali mtu wa kiwandani alilipwa kwa saa alizofanya kazi, na siku asiyofanya kazi haikuwa na mkate. Akiugua, hapati kitu. Mashini zikiharibika, hapati kitu. Bwana wake akikosa wanunuzi, hapati kitu. Mtu wa namna hiyo akiambiwa apumzike, alifahamu kwamba amefukuzwa.

Tuiache habari yake kidogo, tutazame hema lenyewe. Zamani hema lilikuwa mzigo wa punda au wa wapagazi. Aliyelifanya kuwa mzigo wa mtu mmoja alikuwa fundi wa kushona nguo huko London, jina lake Thomas Hiram Holding. Mwaka wa 1853, alipokuwa mtoto, alivuka mbuga za Marekani pamoja na wazazi wake katika msafara wa magari, na mambo aliyoyaona hayakumtoka moyoni. Alipokuwa mtu mzima aliutumia ufundi wake: akashona hema jepesi, linaloweza kuchukuliwa juu ya baisikeli pamoja na blanketi na chombo cha kupikia. Mwaka wa 1901 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha wapanda baisikeli walalao hemani, na mwaka wa 1908 akatoa kitabu kizima cha kuwafundisha watu kazi hiyo. Wafaransa nao hawakukawia kuwa na chama chao. Twaona ni jambo la kupendeza kwamba aliyeanzisha haya hakuwa jemadari wala mvumbuzi wa nchi, ila mtu wa sindano na uzi. Basi hema likawa kitu ambacho hata mtu wa mshahara mdogo aweza kukinunua, au kukishona mwenyewe. Lakini hema bila siku za kulilalia halimfai mtu.

Siku zenyewe zilipatikana mwaka wa 1936. Mwezi wa Mei mwaka huo vyama vya wasoshalisti, wakomunisti na marafiki zao, vilivyofungamana pamoja kwa jina la Front populaire, vilishinda uchaguzi wa bunge la Ufaransa. Wafanyakazi hawakungoja serikali mpya ishike kazi. Mgomo ulianza katika viwanda vya eropleni vya Le Havre na Toulouse, ukaenea Paris, ukaenea nchi nzima, hata mwezi wa Juni wagomaji wakawa karibu milioni mbili. Tena hawakukaa nyumbani. Walikaa ndani ya viwanda, wakalala kando ya mashini zao, na wake zao wakawaletea chakula malangoni. Jioni walipiga kinanda wakacheza. Mashini hawakuzivunja, walizitunza.

Léon Blum alishika uwaziri mkuu tarehe 4 Juni. Usiku wa kuamkia tarehe 8, wajumbe wa wenye viwanda na wajumbe wa vyama vya wafanyakazi wakatia sahihi mapatano katika nyumba iitwayo Matignon, ambayo ndiyo ofisi ya waziri mkuu. Mishahara ikapandishwa, ya wengine 7 katika mia, ya wengine mpaka 15 katika mia. Kisha tarehe 20 Juni ikatoka sheria ya likizo: kila aliyetimiza mwaka mmoja katika kazi yake atapumzika siku 15, na mshahara wake hautakatwa. Bunge liliikubali karibu kwa sauti moja. Nchi nyingine kadhaa za Ulaya zilikuwa zimekwisha kutangulia katika jambo hili, wala Wafaransa si wa kwanza. Na jambo la ajabu ni kwamba likizo haikuwa mbele katika madai ya wagomaji. Wao walidai mshahara na heshima. Siku za kupumzika walipewa juu yake, na baadaye hizo ndizo walizozikumbuka kuliko nyongeza ya fedha, ambayo bei za vitu ziliila upesi.

Blum alimweka kijana wa miaka 35, Léo Lagrange, aangalie mambo ya michezo na mapumziko ya watu. Waliompinga walimdhihaki wakamwita waziri wa uvivu. Yeye aliendelea na kazi yake. Akafanya mapatano na kampuni za magarimoshi, na tangu Agosti ikauzwa tikiti maalumu ya likizo ambayo bei yake imepunguzwa 40 katika mia. Katika miezi ile michache ya mwaka wa 1936 walioitumia walikuwa kama 600,000.

Tusidhani kwamba wote hao waliteremkia Mediterania. Wengi walikwenda kuwaona wazee wao mashambani. Wengine walipanda baisikeli, mume mbele na mke nyuma, mpaka mto ulio karibu. Na walio wengi zaidi walikaa nyumbani, kwa kuwa hawakujua wafanye nini na siku zisizo na kazi. Hawakuwahi kuwa nazo. Lakini waliofika Nice walitosha kuwaudhi waliozoea kuwa peke yao. Matajiri wengine walinung'unika juu ya watu wenye kofia za vibarua kukaa mbele ya bahari yao. Watu hao wenye kofia hawakuweza kulipia hoteli hata usiku mmoja. Hapo ndipo ufundi wa yule mshonaji wa London ulipokutana na sheria ya Blum: sheria ilimpa mtu siku, tikiti ikampa njia, na hema likampa mahali pa kulala.

Haikutimia hata miaka mitatu, pwani ile ikaona watu wa namna nyingine.

Hispania ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu Julai 1936. Mji wa Barcelona ulitekwa na majeshi ya Jenerali Franco tarehe 26 Januari 1939, na watu wa upande wa Jamhuri wakakimbilia Ufaransa, wengi kwa miguu, kupitia milima yenye theluji. Katika majuma machache wakavuka mpaka karibu watu 500,000: askari walioshindwa, wakulima, waalimu, wanawake wenye watoto mgongoni, wazee. Serikali ya Ufaransa haikuwa tayari, na Blum hakuwa tena waziri mkuu. Wanawake na watoto wengi walipakiwa katika magarimoshi wakatawanywa mikoani. Wanaume, na familia nyingi pia, waliongozwa mpaka ufuoni Argelès.

Hapo Argelès hapakuwa na kitu. Hapana nyumba, hapana banda, hapana choo, hapana hata hema. Palikuwa na mchanga, bahari upande mmoja, na seng'enge pande zilizobaki. Watu walichimba mashimo kwa mikono yao wakalala humo, watatu au wanne pamoja, na blanketi juu yao kama walikuwa nalo. Upepo wa nchi ile, uitwao tramontane, hushuka kutoka milimani ukarusha mchanga machoni na ndani ya mkate. Maji yalivutwa kwa pampu kutoka chini ya mchanga ule ule ambao ulikuwa choo cha watu wote, na ugonjwa wa kuhara ukawaua. Mkate ulirushwa kutoka juu ya magari, na mwenye nguvu ndiye aliyeudaka. Baada ya muda mabanda ya mbao yakaanza kujengwa, na waliojenga ni wakimbizi wenyewe. Hesabu yao pale Argelès peke yake ilifika kama 100,000. Mpiga picha mashuhuri Robert Capa alifika huko mwezi wa Machi, na picha zake zingali zikionyeshwa. Mshairi mkubwa wa Hispania, Antonio Machado, yeye hakufikia seng'enge. Alikufa tarehe 22 Februari katika mji wa jirani, Collioure, na mama yake mzee akafa siku tatu baada yake.

Na walinzi wa seng'enge walikuwa nani? Walikuwamo polisi wa Kifaransa, na walikuwamo pia askari Waafrika, wale walioitwa tirailleurs wa Senegal, ingawa wengi wao hawakutoka Senegal ila katika nchi nyingine za Afrika ya Magharibi. Tumelifikiri jambo hili mara nyingi. Kijana aliyezaliwa kando ya mto Niger amesimama na bunduki katika baridi ya Ulaya, akimlinda mkulima wa Hispania asitoke mchangani. Wala huyu hajui lugha ya huyu, wala hakuna kati yao aliyependa kuwapo hapo.

Tena Waafrika hao waliijua pwani ile kabla ya watu wa likizo. Tangu Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 walikuwa wakipelekwa Fréjus, upande wa mashariki, wakae kambini katika miezi ya baridi, kwa maana baridi ya kaskazini iliwaua. Huko, karibu na mwaka wa 1930, likajengwa jengo la saruji kwa mfano wa msikiti mkubwa wa Djenné, rangi yake nyekundu kama udongo wa kwao. Lipo hata leo katika nchi ya misonobari, na viwanja vya mahema ya watu wa likizo haviko mbali nalo. Na tarehe 15 Agosti 1944, majeshi ya Marekani na ya Ufaransa yaliposhuka katika fuo za pwani hiyo ili kuwafukuza Wajeremani, sehemu kubwa ya jeshi la Ufaransa ilikuwa ya watu waliotoka Afrika, ya kaskazini na ya magharibi. Toulon na Marseille zikakombolewa kabla ya mwezi kwisha. Léo Lagrange hakuziona siku hizo. Aliuawa vitani mwezi wa Juni 1940. Basi mtu aogeleaye Agosti katika ghuba za Saint-Raphaël na Cavalaire aogelea mahali waliposhukia wengine na mizigo yao ya vita.

Vita vilipokwisha, vitu viwili vilibaki kwa wingi: umaskini, na maturubali ya askari. Mbelgiji mmoja, Gérard Blitz, alitumia mahema ya jeshi yaliyobaki akafungua mwaka wa 1950 kijiji cha mapumziko huko Alcúdia, katika kisiwa cha Majorca cha Hispania, akakiita Club Méditerranée. Chama hicho baadaye kikawa kampuni kubwa yenye kuwahudumia wenye fedha, lakini mwanzo wake ulikuwa turubali, na wageni wakila pamoja na kusaidia kazi. Watu wa kawaida hawakungoja chama. Walinunua mahema yao wenyewe. Motokaa ndogo za bei nafuu zilikuwa zimetoka, 4CV ya Renault na 2CV ya Citroën, na mwaka wa 1956 sheria ikaongeza juma la tatu la likizo. Juma la nne likaja mwaka wa 1969, na la tano mwaka wa 1982.

Hapo ndipo barabara ikajaa. Barabara ya taifa namba 7 ilitoka Paris mpaka Menton, mpakani mwa Italia, karibu kilometa 1,000. Motokaa ndogo ilibeba baba na mama mbele, watoto watatu nyuma, na juu ya paa hema, meza ya kukunja, ndoo na magodoro ya kujazwa upepo. Jioni walilala njiani. Katika miji midogo waliyoipitia motokaa zilisimama mstari mmoja kwa saa nyingi, na wenyeji wakatoka kuwauzia vitu. Njia kuu mpya kutoka Paris mpaka Marseille ilikamilika mwaka wa 1970, watu wakadhani taabu imekwisha. La, haikwisha, walioondoka wakazidi. Tangu 1976 serikali hutoa habari za njia wakati wa likizo, ikiwashauri watu waondoke saa gani, na anayetoa mashauri hayo katika matangazo ni katuni ya Mhindi Mwekundu mdogo aitwaye Bison Futé. Hata hivyo watu wengi huondoka siku ile ile moja.

Na maisha yao wakifika? Hapa twapenda kukaa kidogo, maana ndipo penye utamu. Mtu hupewa kipande cha ardhi chini ya msonobari, labda hatua kumi kwa kumi. Kazi ya kwanza ni kusimamisha hema kabla ya giza, na hapo ndipo mume na mke hugombana, kwa sababu mmoja hushika mti upande huu na mwingine huvuta kamba upande ule. Vigingi havishiki mchangani. Aliyezoea huvizika vikiwa vimelala, au huweka mawe juu yake. Asubuhi mtoto mkubwa hutumwa mkate. Maji ni ya bomba moja kwa mahema mengi, na vyombo huoshwa pamoja mahali pamoja, basi hapo ndipo habari zote hupatikana: nani amefika, nani ameondoka, mtoto wa nani ana homa. Mchana, jua likiwa kali na nyenje wakilia mitini, wote hulala. Jioni wanaume huenda kutupa tufe za chuma katika mchezo wa pétanque, uliozaliwa katika pwani hiyo hiyo, mjini La Ciotat, mwanzoni mwa karne ya 20. Usiku huna siri. Kuta ni kitambaa, na mwenye kukoroma hujulikana na kambi nzima.

Msomaji aliyekulia kijijini ataona kwamba maisha hayo si mageni. Na sisi twadhani hiyo ndiyo sababu watu wa mjini waliyapenda. Huko kwao waliishi ghorofani miaka kumi bila kujua jina la jirani wa mlango wa pili. Hemani walijuana kwa siku mbili. Meneja na fundi wake, wakiwa wamevaa kaptula, hawakutofautiana sana. Familia nyingi zilirudi kila mwaka mahali pale pale, chini ya mti ule ule, na watoto waliochezea mchanga pamoja wengine walioana.

Argelès nayo, baada ya vita, ilikuwa na ufuo wa kilometa 7 na watu wachache. Katika miaka ya 1950 mahema ya likizo yakaanza kusimamishwa hapo. Wenyeji waliokuwa wakitegemea mizabibu na uvuvi wakaona kwamba shamba lililo karibu na bahari hulipa zaidi likipandwa mahema. Viwanja vikaongezeka mpaka vikawa makumi, na leo mji ule husifiwa kuwa mji mkuu wa mahema wa Ulaya. Wakazi wake wa siku zote ni elfu kumi hivi. Mwezi wa Agosti hao hawaonekani kwa wingi wa wageni.

Serikali iliona kwamba Wafaransa wengi walikuwa wakiipita pwani ya magharibi kwa sababu ya mbu, wakaenda Hispania na fedha zao. Kwa hiyo kazi ya kuwaua mbu ilipangwa tangu mwaka wa 1958, na mwaka wa 1963 ikaundwa tume chini ya Pierre Racine ili kujenga miji mipya ya mapumziko. Ardhi ilinunuliwa kimyakimya kwanza, wenye tamaa wasije wakapandisha bei. Hivyo ikazaliwa La Grande-Motte, yenye majumba kama piramidi, na miji mingine. Baadaye watu wakaanza kuhofu kwamba pwani nzima itakuwa saruji. Mwaka wa 1975 ikaanzishwa idara ya kununua ardhi ya pwani ili isijengwe kamwe, na sheria ya 1986 ikakataza majengo mapya karibu na maji mahali ambapo hapajawa mji.

Tusiifiche hatari ya nyumba ya kitambaa. Tarehe 11 Julai 1978, huko Los Alfaques, katika pwani ya Hispania, gari lililochukua kemikali ya kuwaka lilipasuka kando ya kiwanja cha mahema, saa ya mchana watu walipokuwa ufuoni na mezani. Walikufa zaidi ya watu 200, wengi wao watu wa likizo kutoka nchi za kaskazini, na watoto wakiwamo. Gari lilikuwa limejazwa kupita kiasi. Na katika pwani ya Ufaransa adui ni moto wa msitu. Katika miaka mingi watu wa pwani walijua maana ya misonobari mikavu na upepo. Na mwezi wa Julai 2017, karibu na Bormes-les-Mimosas, watu kama 10,000 waliondolewa usiku, maelfu yao wakitoka katika viwanja vya mahema, wakalala mchangani na katika kumbi za michezo.

Siku hizi hema lenyewe linapungua. Katika viwanja vingi mahali pake pamechukuliwa na vijumba vyenye magurudumu, vyenye jiko na bafu, na katikati pana bwawa la kuogelea, ingawa bahari iko hatua mia tatu kutoka hapo. Bei nayo imepanda. Wazee waliokuja kwa 2CV husema kwamba si kambi tena, ni hoteli iliyolala chini. Wako watu wa mshahara mdogo ambao kwa bei hizo wamebaki tena nyumbani, kama babu zao kabla ya 1936. Sheria haijawanyang'anya siku zao, lakini mahali pa kuzimalizia pamekuwa ghali.

Katika lugha yetu neno kambi hutumika kwa askari, kwa wakimbizi na kwa watu wa likizo bila tofauti. Kwa miaka mingi Argelès haikusema habari za kambi yake ya kwanza. Wageni walitandika mikeka yao juu ya mchanga ule bila kujua, na wenyeji waliojua hawakupenda kuwaharibia wageni furaha, au biashara yao. Watoto wa wakimbizi, waliobaki Ufaransa na kuwa Wafaransa, ndio waliodai jambo hilo lisemwe. Sasa mji una nyumba ya kumbukumbu, na upande wa kaskazini wa ufuo limesimamishwa jiwe. Kila mwaka, katika mwezi wa Februari, wazao wa wakimbizi hukutana hapo wakatembea kwa miguu mpaka kwenye jiwe hilo. Wakati huo viwanja vya mahema vimefungwa, chini ya misonobari hapana mtu, na tramontane hurusha mchanga barabarani.